Daktari wa Pikapu Zisizougua

Wazo lenyewe Phinées alilipata kwenye kizuizi cha askari, pale barabara inapotoka Butembo kwenda Beni, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hapendi kukaa. Alikuwa ameketi juu ya magunia ya maharage katika pikapu ya jirani yake, gari safi, rangi bado inang'aa. Askari wakalizunguka, wakalipenda, wakalitwaa kwa ajili ya ukombozi wa taifa, na maharage yakakombolewa pamoja nalo. Nyuma yao ikaja pikapu nyingine, inakohoa, inatoa moshi, inatetemeka mpaka milango. Askari wakaziba pua wakaipungia mkono ipite upesi, isije ikawafia mikononi. Jirani alikaa chini akalia. Phinées alirudi mjini kwa miguu, akicheka peke yake njia nzima.

Ilikuwa ile miaka ya vita ambapo kila kikundi kilikuwa na serikali yake, na hakuna serikali hata moja iliyokuwa na magari ya kuitosha. Mwenye pikapu nzima alilala akiota kizuizi. Kwa nini basi mtu asiitie ugonjwa kidogo gari yake, kwa heshima, na kwa bei nafuu?

Phinées hakuwa fundi. Alikuwa ameosha magari ya mafundi kwa miaka miwili, na alichotoka nacho pale ni maneno. Akanunua blauzi nyeupe, koti la daktari, kwenye rundo la nguo kuukuu, akafungua kliniki nyuma ya soko, na kuanzia siku ile watu wakamwita Docta. Akaandika pia orodha ya magonjwa, maana aliwajua wafanyabiashara wa Butembo: ukiwapa kitu kimoja watakibishia bei, ukiwapa vitatu wachague, wanaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Upande wa injini palikuwa na Kikohozi, Pumu na Homa ya Milima. Upande wa bwate ya vitesi, lile sanduku la gia, Rumatisme ya viungo ao Usahaulifu.

Sasa, siri ya hospitali. Magonjwa yote yalikuwa moja. Uchague nini, usichague nini, Docta alifunga kitufe chini ya kiti. Ukikibonyeza, buji moja, ile plagi ya kuwashia mafuta, inakosa moto na injini inakohoa mara tatu, oili inadondokea bomba la moto na kutoa moshi, na waya fulani unazuia vitesi ya tatu isiingie. Ukibonyeza tena, gari limepona. Kazi ya asubuhi moja. Pikapu kumi zilitibiwa hivyo ndani ya miezi miwili, na wenye nazo walipita vizuizini wakimsifu Mungu na Docta, kwa utaratibu huo.

Ya kumi na moja ilikuwa ya Mama Kahongya wa Musienene.

Mama huyu alikuwa mjane, shemasi wa kanisa, mwenye kupeleka viazi na maharage Beni kila wiki. Pikapu ile ndiyo iliyosomesha watoto wake watano. Alikuja amekunja mikono, akaisoma orodha mara mbili, akauliza maswali saa nzima.

"Pumu haitakulaka essence mingi?" aliuliza, akiwaza bei ya petroli.

"Hapana, Mama. Pumu njo iko na adabu. Kikohozi njo kinakulaka."

"Na kwa bwate?"

"Mimi nakushauri rumatisme. Usahaulifu ni ya vijana, inapenda kuruka-ruka."

Mama Kahongya akafikiri, akachagua pumu na rumatisme, akashukuru kwa Kinande, wasingya, na kumwombea baraka. Phinées alipofungua boneti ili aweke pumu, moyo ukamlipuka. Injini ile haikuwa injini, ilikuwa kwaya ya Pasaka. Miaka miwili ameosha magari ya watu. Akajiona ndani ya hili, mkono nje ya dirisha, watu hadi mji wa Kirumba wanamwita patron, bosi mkubwa. Alilitaka mpaka mate yakamjaa mdomoni. Basi akafunga kitufe cha kawaida, kisha akafunga na waya wa pili ambao hakumwambia mtu, wa kuufanya ugonjwa ugome kuondoka baada ya siku chache. Blauzi yake ilikuwa nyeupe bado, lakini dhamiri ilikuwa imeshalala fofofo.

Wiki mbili baadaye Mama alirudi, pikapu inakohoa njia nzima. Alikuwa amebonyeza mpaka kidole kimeuma, alisema, na pumu hapana kuondoka. Phinées akaweka sikio kwenye injini, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole jinsi alivyoona waganga wa kweli wakifanya.

"Mama, nisikufiche," akasema. "Ilikuwa ya kuigiza, sasa imekuwa ya kweli. Haitafika mwisho wa mwezi."

Na kwa bahati ya ajabu, mtu mmoja wa Oicha, mbele ya Beni, aitwaye Edmond alikuwa anapita palepale akitafuta vyuma chakavu. Kwa kweli aliitwa Abdias, alikuwa binamu yake Phinées, na Oicha hajawahi kufika. Lakini pesa aliyoitoa ilikuwa ya kweli: akiba yote ya kliniki, pamoja na pete aliyokuwa ameiandaa Phinées kwa mchumba wake Joyeuse. Kwa gari lile ilikuwa bei ya kuokota. Mama Kahongya akalia machozi mazito, akasaini karatasi, akatia pesa kifuani.

Aliomba kitu kimoja tu. "Docta, uipeleke Beni weye mwenyewe. Mugonjwa asisafiri na mutu asiyemujua."

Phinées akaahidi kwa mkono kifuani. Karibu naye alie.

Kesho yake asubuhi akakata waya wa pili, akawasha, na gari likaimba. Alipita mitaa ya Butembo mara mbili bila sababu yoyote ila kuonekana. Jua lilikuwa zuri, vitesi ya tatu iliingia kama kidole kwenye siagi, na alifurahi hata akawasalimu mbuzi. Karibu na kizuizi akabonyeza kitufe. Gari likakohoa mara tatu, likatoa moshi, na vitesi ya tatu ikakataa.

Askari hawakuziba pua safari hii. Walianza kupiga makofi.

Adjudant mmoja mnene, mkubwa wa kizuizi, akatoka kibandani na daftari la shule. "Kumi na moja," akasema, akagonga mstari wa mwisho kwa kalamu. "Kila gari inakohoaka mara tatu, kisha moshi, kisha ya tatu inakataa. Ya kwanza nilisema ni bahati mubaya. Ya tano nilisema ni essence ya Butembo. Ya kumi nikasema, hapana, hapa kuko docta."

Phinées alijaribu kueleza kwamba yeye ni mpita njia tu, gari ni la mtu anaitwa Edmond. Adjudant akasoma karatasi ya mauzo, akasoma kitambulisho cha Phinées, akauliza Edmond yuko wapi. Edmond hakuwako. Edmond hajawahi kuwako. Gari la mtu asiyekuwako, akaamua adjudant bila haraka, linarudi kwa yule aliyelimiliki kabla yake.

"Mama Kahongya alikohoa hapa wiki iliyopita," akaongeza. "Nilimwambia: uniletee docta, na gari yako itapita milele. Mais sikujua atakufanya ulipe na transport ya kukuleta."

Ndipo Phinées alipoelewa kwa nini Mama alitaka ailete gari yeye mwenyewe, na pesa zake bado ziko kifuani kwa Mama.

Magari mengine kumi yakohoe tu, adjudant alisema. Mafuta ya kuyaendesha hawana. Walichokosa ni fundi. Wakampeleka nyuma ya kibanda, ambako lori lao la jeshi lilikuwa limelala kwenye matope tangu mwaka jana, maiti kabisa, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Lipone kwanza, ndipo arudi nyumbani. Phinées alilizunguka lori lile, akafungua boneti, akafunga. Aliona aibu, akaona na hofu, kisha kwa mara ya kwanza tangu avae blauzi akasema kweli: yeye anajua kugonjesha tu, kuponya hajui.

"Utajifunza," adjudant akamjibu. "Muda tuko nayo mingi."

Jumamosi Mama Kahongya alikuja kwa lifti kuchukua pikapu yake. Akapanda, akaking'oa kile kitufe chini ya kiti na kukitupa majanini, akawasha. Phinées alikuwa chini ya lori, oili usoni, blauzi imekuwa nyeusi, na kuku mmoja anamchungulia. Mama akateremsha kioo.

"Docta," akaita, "nikuletee nini wiki ijao? Ndizi ao viazi? Weye chagua, sawa mimi nilichaguaka pumu."

Alisubiri jibu kwa adabu yote ya shemasi. Phinées alifikiri sana, kisha akasema viazi.

Siku iliyofuata ya soko alimletea ndizi.