Njia Panda Yangu Wanataka Kuizungusha

Jumatatu, 3 Machi
Mhandisi kaja na kiti, mwavuli na kidude cha kubonyeza. Anahesabu magari kwenye njia panda yangu. Yangu, ndiyo! Kona hii nakaanga karanga tangu yeye hajaota jino. Anasema magari yanagongana mno hapa, kwa hiyo anapima lipi bora: taa za barabarani au mzunguko, ile kipilefti. Nikamuuliza, kwenye mzunguko gari husimama wapi? Akajibu kwa fahari kwamba halisimami, bibi, linapunguza mwendo tu, linapita. Moyo paa! Gari lisiposimama, karanga nimuuzie nani? Wapite wakizinusa tu? Taa! Nyekundu, tena ndefu.

Jumanne, 4 Machi
Muuza miche wa ng'ambo ya barabara anautaka mzunguko. Kajiaminisha kwamba maua ya katikati yatatoka kwake. Leo kampelekea mhandisi mto wa kukalia. Mnafiki! Mimi nikapeleka karanga za moto. Mhandisi akala zote, ndipo akakumbuka kwamba kazini hapokei zawadi. Lakini mdomo ukamteleza: waenda kwa miguu nao anawahesabu, maana wakiwa wengi inabidi magari yasimamishwe. Ahaa! Shule sikukaa, lakini akili sikuiacha huko.

Jumatano, 5 Machi
Nimeleta kwaya yetu ya akina mama, wazee kumi na wanne. Nikawaamuru wavuke, wageuke, wavuke tena. Mara ya nane goti la mwenyekiti likagoma katikati ya barabara. Wenzake wakasimama palepale kumshauri, kila mmoja na dawa yake. Malori honi! Muuza miche akapayuka kwamba bibi wa kilemba cha njano amemwona mara nane. Nikamwambia ni pacha. Akauliza, pacha wanane? Nikamjibu uzazi ni majaliwa, yeye amwagilie miche yake. Kidude cha mhandisi ta-ta-ta-ta. Raha!

Ijumaa, 7 Machi
Matokeo. Mhandisi kanipa shikamoo ya kuinama kabisa. Eti wazee wangu wamemfumbua macho. Watu wa polepole namna ile, taa ingeyaruhusu magari wao wangali katikati. Na wapo madereva wanaoikaidi nyekundu, hao wangewafagia. Penye mzunguko gari huja taratibu, na katikati ya kila barabara watajenga kijukwaa: unavuka nusu, unapumua, unamalizia. Mzunguko! Muuza miche kacheka mpaka kakalia mbolea. Nimemwambia mhandisi hajui kuhesabu.

Jumamosi, 8 Machi
Mimi sina kosa. Kosa ni la kwaya, wanatembea kama wamebeba mtungi kichwani. Jumatatu mhandisi anarudi kuhesabu abiria wanaosimama kungoja, aamue kituo cha basi kikae upande wangu au wa yule wa miche. Basi husimama, hilo halina ubishi! Nimeshawaita wote kumi na wanne. Safari hii nimewaamuru wapite mbele yangu mbio, bila kusimama hata kidogo.