Fundi Jeneza Apimwa

Kama mauti yangekuwa na ofisi, Fundi Jeneza angeingia bila kubisha hodi! Ndivyo alivyojinadi mwenyewe. Miaka thelathini ya kuchonga majeneza, alisema, imemfanya aitane na kifo kwa majina ya utani.

Kwa hiyo muuguzi mstaafu alipoanzisha mazungumzo ya kila Jumamosi kuhusu kufa, kwenye ukumbi wa maktaba ya mtaa, Fundi aliutaka uenyekiti kwa udi na uvumba. Siku ya uchaguzi alivaa suti, akasimama kabla hajaitwa.

"Ndugu zangu, mnaogopa nini? Mimi nikimtazama mtu tu, najua atakula mbao ngapi!"

Akamkazia macho mwalimu wa hesabu. Mwalimu akahama kiti.

"Vizuri," muuguzi akasema. "Ila wenzako wote wameshaeleza wanataka wazikwe vipi. Wewe je?"

"Mimi?" Fundi akashangaa, kana kwamba ameulizwa habari za jirani. "Mimi natoa huduma tu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkewe akainuka taratibu, akachomoa futi ya kupimia kwenye mfuko wa koti la mumewe.

"Baba watoto, umepima mtaa mzima. Leo zamu yako. Lala hapo!"

Kukataa mbele ya wapiga kura? Haiwezekani! Fundi akapanda juu ya meza ya magazeti, akajilaza kama mtu anayelalia kaa la moto. Futi ilipomgusa kisigino, magoti yakakunjika yenyewe.

"Nyooka, shemeji!" akafoka kinyozi, kaka wa mkewe. "Maiti gani anakaa kama panzi?"

"Meza fupi!"

"Meza fupi wapi? Jamani, huyu anapunguza urefu!"

Mkewe akayakandamiza magoti kwa viganja viwili, akasoma kwa sauti: "Mita moja na sentimita sabini na nne."

Mwalimu akaandika. Fundi akaketi ghafla, jasho likimchuruzika hadi kwenye tai.

"Futa! Futa hiyo!"

"Kwa nini?"

"Mimi... mimi bado nakua!"

Mwanamume wa miaka sitini na mbili! Kura zikapigwa hapohapo. Uenyekiti ukaenda kwa mkewe, kwa kura zote isipokuwa moja.

Mwenyekiti mpya akamkalisha mumewe kando yake, akampangusa jasho kwa ncha ya khanga.

"Haya, mjumbe. Unaogopa?"

"Kidogo, Mwenyekiti."

"Kidogo kiasi gani?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Mita moja na sentimita sabini na nne."