Zawadi ya Kiwanda Haihesabiwi

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Duane kajigamba kantini kwamba akaunti yake ya akiba ya matibabu imejaa mpaka kikomo. Mbele ya kiwanda kizima cha mbao! Mimi, miaka thelathini na nane kwenye msumeno, nishindwe na Duane? Nimesoma tangazo ukutani mwenyewe, bila miwani. Mwenye miaka 55 na zaidi, mwisho wa kuweka bila kodi ni dola 5,300 kwa mwaka. Mshahara umeshakatwa 3,800. Bado 1,500. Zile 1,500 kilizonitilia kiwanda Januari ni zawadi. Zawadi haihesabiwi. Hesabu kama hii Duane haiwezi.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeuza bunduki ya marehemu baba. Dola 1,500 taslimu. Aliyenunua ni Duane, hajui namjengea kaburi. Mke wangu Ardis kauliza msimu wa kulungu ukifunguliwa tarehe 22 nitawinda na nini, na ufagio? Mwanamke haoni mbali. Hela zimeingia kwenye akaunti.

Jumatatu, 10 Novemba
Marlys wa ofisi ya mishahara kaniita. Ati nimezidisha! Ati kikomo ni kimoja, hela za kiwanda na zangu humohumo, na akaunti ilishajaa kabla sijauza hata risasi. Nikamwambia, binti, tangazo halisemi hivyo. Kanipeleka ukutani. Lipo, chini kabisa, herufi za sisimizi. Washenzi! Nisipozitoa, watu wa kodi watanitoza asilimia sita, kila mwaka zikikaa. Kasema, mzee wangu, jaza fomu tu, zitarudi. Nimejaza. Kalamu imetoboa karatasi.

Ijumaa, 21 Novemba
Zimerudi. Mbio kwa Duane kuikomboa bunduki. Anataka 1,900! Ati ameipaka mafuta. Nimemtukana yeye na mafuta yake. Kanijibu nikaazime ufagio. Ardis na mdomo wake!

Jumamosi, 22 Novemba
Duane kaua kulungu wa pembe kumi. Kwa bunduki ya baba yangu! Kamlaza nyuma ya gari, kampitisha mbele ya nyumba yangu, polepole, anapiga honi.

Jumapili, 23 Novemba
Nimefikiri. Kosa langu ni moja: nilichelewa. Kiwanda kilitangulia, ndiyo maana aliyezidisha nikawa mimi. Januari, siku ya kwanza benki ikifunguliwa, najaza yote mwenyewe. Kiwanda kikija na 1,500 zake, kitakuta pamejaa. Kitozwe chenyewe! Hela zilizopungua zitatoka kwenye mashine ya boti. Mnunuzi nimeshampata. Duane anakuja kuiona Jumanne.