Mjerumani wa Bibi Generoza

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu nyumba ya magogo iliyopo mlimani juu ya Kilosa ni ya kale. Hadi Jumapili ilikuwa ya Bibi Generoza.

Tangazo lilibandikwa mlangoni kwake na Kamati ya Muda ya Kubaini Ukongwe wa Magogo, likampa siku saba ahame. Watalii wakishawaona simba wa Mikumi, wangeletwa waone alipolala Mjerumani mwaka 1897.

Bibi alilisoma mara mbili, kisha akajipiga kibao mdomoni. Mjerumani alimtunga mwenyewe. Mwaka jana alipita mtafiti mmoja akiuliza historia. Ukweli kwamba nyumba ilijengwa na marehemu mumewe, Makarius, kwa mikaratusi ya shambani, ungeisha kabla chai haijachemka, na bibi alikuwa na hamu ya kuzungumza. Akaongeza Mjerumani. Mgeni aliponogewa, akaongeza na farasi, na mgeni akayaandika yote.

Siku ya saba akafika mwenyekiti wa kamati, Bwana Oswald, na utepe na mkasi. Akamwamkia bibi vizuri, akamweleza kwamba hafukuzwi, anaipisha historia tu. Bibi akakiri mbele ya majirani kwamba Mjerumani ni uongo wake.

"Mjerumani ana jalada, bibi," Oswald akasema kwa upole. "Wewe una jalada?"

Hakuwa nalo. Akaingia kukusanya vyombo. Alipouinua mtungi wa maji, akaliona jiwe lililokuwa chini yake, akalikumbuka. Lilibanduka ukutani mwezi uleule lilipobandikwa, saruji ilikuwa kidogo. Akatoka nalo kifuani, akalifuta kwa khanga.

"Kitendawili."

"Tega," watu wakaitikia, hata Oswald, kwa mazoea.

"Nilifungua nyumba kabla babu yangu hajazaliwa, na bado sijastaafu."

Akawageuzia jiwe. NYUMBA BORA YA MFANO. IMEFUNGULIWA RASMI NA NDUGU OSWALD, AFISA MAENDELEO, 1998.

"Kama nyumba ni ya 1897, baba," akasema bibi, "ofisi ijue umri wako."

Oswald akaukunja utepe, akatangaza palepale kwamba nyumba ni mpya kabisa na ni ya bibi. Katibu wake, Anitha, akabaki kalamu mkononi, akauliza Mjerumani sasa aandikwe alilala wapi.

"Mwandikeni kwa mwenyekiti," akasema bibi, akirudisha jiwe ndani. "Mimi sina jalada."