Munganga wa Ngombe za Udongo

Luberizi, juma tatu, 4 juni 1956

Chumvi yangu imekunywa mvua. Biashara imekwisha. Basi tangu leo minye Onesphore niko munganga wa watoto. Kule Uvira niliona masere mumoja, mutawa wa misioni, anapatia watoto wenye huzuni vitu vya kuchezea. Anawaangalia tu, roho zao zinapona. Kuangalia tu! Kazi yangu kabisa.

Mugonjwa wa kwanza: Generose, binti ya Ndihokubwayo mwenye kunilaza. Tangu muto Ruzizi ilifurika na kubeba ngombe yao mbele ya macho yake, hasemi neno. Baba anasema asipoongea mpaka siku ya Mungu, juma pili, atamupeleka kwa bibi yake kule Kamanyola. Nimeapa ataongea.

Juma nne

Nimefinyanga ngombe. Generose ametupa zote mu basani ya maji. Zimeyeyuka. Katekista Thaddée ameniuliza kama dawa yangu inakunywewa na kijiko.

Juma tano

Ngombe zingine. Ametupa tena. Nilitaka kumunyanganya, nikakumbuka masere, nikakunja mikono. Jioni akatoa moja mu maji mbele haijayeyuka. Akaipangusa na nguo yake. Baba yake akaenda nyuma ya nyumba. Minye vumbi iliingia mu jicho.

Juma mosi

Bado kimya. Shangazi yake Pudentienne anafunga mizigo ya Kamanyola, analia. Kwa woga nikafinyanga mama wa udongo, nikamuweka anakamua ngombe. Generose akaangalia. Akaangalia tena.

“Papa Onesphore, weye uliona wapi mwanamuke anakamua ngombe?”

Pudentienne akaangusha kitunga. Ndihokubwayo akakaa chini, palepale mu matope. Kumbe huku ni wanaume tu wanakamuaka. Minye ni muntu wa ziwa, najua samaki. Generose akanigombeza mpaka chakula cha jioni, kisha akamuelezea baba yake ngombe yao ilivyolia mu maji. Moyo wangu umeshuka mahali pake.

Siku ya Mungu

Haendi tena Kamanyola. Tumekunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Thaddée anasema mutoto ameponyeshwa na ujinga wangu, nijifunze desturi za watu mbele ya kuwafinyanga. Wivu.

Kesho naenda Kiringye. Kule Jean-Berchmans na muke wake hawasemezani, sababu ya mama-mukwe. Thaddée ananionya: kule muntu haangaliake mama-mukwe wake mu uso. Vizuri. Nimemufinyanga tayari, na uso nimeufanya mukubwa, Jean-Berchmans amuone vizuri.