Malalamiko Kuhusu Risasi Iliyopatikana Katika Achari Yangu

Kwa Mkuu wa Maabara,
Upimaji wa Vyakula, Maji na Udongo.

Ndugu Mkuu,

Nakusalimu, na kama mama yako yuko hai umsalimie pia, maana barua hii yeye ataielewa haraka kuliko wewe.

Mimi ni mama mkwe wa mfanyakazi wenu wa chumba cha pili kutoka ngazini, yule mwembamba mwenye miwani. Ninyi mnamwita mchunguzi. Mtaani kwetu anaitwa Mama Vichupa, kwa sababu hatoki bila vichupa mkobani. Alipoolewa na mwanangu, fundi wa majokofu, nilimpokea kwa mikono miwili. Sikujua kwamba yeye angeipokea achari yangu kwa mikono miwili yenye glavu.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa posta kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo najua barua ya malalamiko isiyo na namba hufunikiwa kikombe cha chai. Nimeweka namba.

1. Kuchukua sampuli mezani mbele ya wageni.

Nikiri kwamba mwanzoni nilimsifu. Alipima maji ya tangi letu, akapima udongo wa chini ya dirisha, akabandua rangi kidogo mlangoni akaenda nayo kazini. Vyote vikarudi salama. Nikatembea mtaani nikisema, "Mkwe wangu kanipimia nyumba nzima, hakuna kasoro." Alipopima tangi la jirani yangu, Mama Masikio, akakuta maji hayafai, nilicheka siku mbili. Kumbe mkuki kwa nguruwe mtamu.

Jumapili moja tukiwa mezani, akafunua mtungi wangu wa achari ya ndimu. Ni mtungi wa udongo, wa kijani, ndani unang'aa kama kioo. Niliurithi kwa mama yangu mzazi. Akauangalia mng'aro ule kama polisi anavyoangalia leseni. Akachota kijiko kimoja, akatia kichupani, akaandika "Sampuli 417". Ndugu Mkuu, achari hii imeozesha mabinti watatu na kusuluhisha kesi mbili za mpaka wa kiwanja. Haijawahi kuitwa namba.

2. Jina la madini yenyewe.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Mwanangu akayasoma barazani kwa sauti ya fundi aliyezoea kushindana na kelele za mota: "Risasi imepatikana kwenye achari ya mama, tena nyingi!" Kati ya baraza letu na la Mama Masikio pana bati moja tu, na lina matundu. Hata chungu cha mchana hakijainjikwa, mtaa mzima ulishajua kwamba nimeficha risasi chini ya ndimu.

Saa nane wakaja maafande wawili, wamevua kofia kwa heshima. Mkubwa akaniuliza, "Mama, na bunduki iko wapi?"

Nikamjibu, "Mwanangu, ningekuwa na bunduki ningekuwa nakata ndimu kwa kisu?"

Wakaukoroga mtungi kwa mwiko hadi chini. Hawakuona kitu. Afande mkubwa, kwa kuwa alikuwa na njaa na harufu ilikuwa imeshamshinda, akachovya kidole akalamba. Mkwe wangu akatoka chumbani mbio, nywele nusu zimesukwa, akapiga kelele, "Afande, tema!" Afande akatema. Tangu nizaliwe sijaona afande akiamrishwa akatii. Ikabidi mkwe wangu awaeleze kwamba risasi hii ni madini, kwamba yamo kwenye ule mng'aro wa ndani, na kwamba ndimu kwa ukali wake huyachota polepole hadi yakaingia kwenye chakula. Afande mdogo akaandika yote kwenye daftari. Mkubwa akaomba maji ya kusukutua.

Je, hamkuwa na jina jingine la kuyapa madini haya?

3. Hesabu zenu.

Mmeandika kwamba risasi ya kwangu ni mara kumi na nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Tuhesabu pamoja, Ndugu Mkuu, kwa utulivu. Mama yangu alikula achari ya mtungi ule maisha yake yote na hakuwa na risasi hata chembe, kwa sababu hakuna aliyempima. Mimi pia sikuwa nayo hadi Jumapili ile. Kijiko chenu kilipoingia ndipo zikapatikana mara kumi na nne. Mtu yeyote aliyewahi kupoteza kifurushi na kumtafuta aliyekigusa mwisho anaona jambo hili linaelekea wapi. Anayepima ndiye anayeleta.

4. Mashine yenu haikunisalimia, haikuonja, na haikuuliza kama nina shida.

5. Mjukuu.

Hapa ndipo kidonda kilipo. Nina mjukuu mmoja, wa kike, ana miaka minne. Tangu ajue kusimama, kazi yake ni kulamba kijiko cha achari nikishapakua. Ni siri yetu sisi wawili, ingawa kidevu chake humtangaza. Miezi ya karibuni amekuwa akilalamika tumbo na kulialia bila sababu. Nikasema ni minyoo. Nikasema anadeka. Nikasema pia kwamba watoto wanaosomewa majina ya kemikali kabla ya kulala hawawezi kuwa na raha.

Mkwe wangu hakubishana nami. Aliufungia mtungi kwenye kabati la zana la mwanangu, kati ya bomba za shaba, kisha akasema anampeleka mtoto kliniki akatolewe damu. Nikamuuliza kama mimi ni mchawi, hata mjukuu wangu apimwe kwa kula mkononi mwangu. Akanijibu, "Mama, tupime kwanza tujue. Tukishajua, utanikasirikia upendavyo."

Mimi nikaanza kukasirika papo hapo. Siku tisa sijasema naye. Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo mama," nami naitikia marahaba nikiuangalia ukuta. Mwanangu anakula akiwa katikati yetu, ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano kwenye sahani. Leo wameondoka kwenda kuchukua majibu ya damu. Nimewaambia wasinisomee. Sitaki kuyasikia.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, kiwango kinachoruhusiwa kipandishwe mara kumi na nne, kikutane na mtungi wangu ulipo. Mtungi ni mzee, hauwezi kushuka. Kiwango ni karatasi, kinaweza kupanda. Sioni nani ataumia, maana siku hiyohiyo nchi nzima itakuwa salama na ninyi mtakuwa mmemaliza kazi. Likishindikana hilo, mkwe wangu ahamishiwe kwenye kupima vitu visivyoliwa, kama vile nguzo. Na hilo likishindikana, basi maabara ifungwe siku za kazi na ifunguliwe sikukuu tu, watu wapate nafasi ya kuwa wazima. Vilevile nipewe hati yenye mhuri inayosema mimi ni mpishi mwema. Hiyo ya mwisho msiichukulie kama mzaha.

Nifikishie salamu kwa wapimaji wote, wa chakula na wa udongo, kwa mama anayefagia korido, ambaye nasikia ana mgongo unaomsumbua, kwa karani wa mapokezi, na kwa yeyote anayefuta vumbi kwenye hiyo mashine. Wote nawatakia afya, kwa kiwango chochote watakachokiruhusu.

Ni mimi mama yenu, mwenye uchungu na hesabu kamili,

Mama Mkwe wa Mchunguzi

Nyongeza:

Nilikuwa nimeshalamba bahasha waliporudi. Imebidi niichane.

Mkwe wangu aliingia jikoni akakaa sakafuni na viatu vyake, karatasi mkononi. Mtu aliyekaa dirishani posta miaka ishirini na sita hujua habari kabla barua haijafunguliwa. Risasi imo kwenye damu ya mtoto, na imezidi. Daktari amesema imewahiwa: ikiacha kuingia, na mtoto akila vizuri, itashuka taratibu, na watamrudia kumpima kila baada ya muda.

Nilimuuliza, "Ni mimi?"

Akasema, "Ni mtungi, mama."

Nikakaa pale sakafuni pamoja naye. Magoti yangu hayaruhusu, lakini nilikaa. Tukalia kidogo, halafu yeye akanisaidia kunyanyuka, na katika kunyanyuka nikakumbuka jambo. Mama yangu hakuununua mtungi ule peke yake. Mfinyanzi alipita mtaani na shehena nzima, na mwaka ule kila nyumba ilichukua. Mitungi mingi iko hadi leo, na watoto wako katika kila nyumba.

Nimepita mlango kwa mlango. Kinyozi ametuazima mkokoteni. Wengine walisema nimerukwa na akili. Hao niliwaambia, "Mjukuu wangu anayo kwenye damu, na ni mimi niliyemlisha," nao wakaenda kuleta wenyewe. Tumepata mitungi kumi na mmoja, mingine ikiwa na vitu ndani, nimeizungushia mashuka yangu ya kitanda isigongane. Mama Masikio alitoa wake mwisho kabisa, kisha akashika mkokoteni upande wa kushoto na hajauachia hadi sasa.

Tuko getini kwenu. Mlinzi ni kijana mwenye adabu, lakini anasema sampuli hazipokelewi bila barua kwa Mkuu. Kurudi nyumbani kuandika nyingine siwezi, jua ni kali, na maneno haya nayaandikia juu ya kifuniko cha mtungi wa nane. Barua niliyonayo ni hii tu.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, nakuomba uikunje karatasi kuanzia neno "Nyongeza" kwenda juu, usome ya chini peke yake, na umtume mtu atufungulie geti.