Milio Ishirini na Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kompyuta ya dukani ina umbea. Nikikosea kidogo tu inalia ting, steshenari nzima isikie. Leo Mwalimu Fanueli, mstaafu asiye na kazi nyingine, alileta barua ya kuchapwa, akakaa kwenye benchi la wateja akihesabu. Milio ishirini na tatu. Akaniuliza kwa upole kama kazi hii naijua au ndiyo najifunza leo. Benchi zima likacheka. Samiha, mchapaji mwenzangu, akacheka kuliko wote, na cheti chake ni cha wiki sita. Changu cha wiki nane.

Wakati wenyewe mbaya. Bi Zuleha, mwenye duka, anafungua tawi Pangani, na Ijumaa atasema nani kati yetu akalisimamie. Wakwe zangu wako Pangani. Nimeshawaambia nakuja na cheo.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimechomoa waya wa spika. Raha. Haikufika saa nne, Bi Zuleha akauliza taarabu yake imekwenda wapi. Nikasema spika zimeungua. Samiha akainama, akauchomeka waya, akasema pole kaka Idarusi, labda ni panya. Sura ya upole, roho ya korosho.

Jumatano, 8 Oktoba
Kuchomoa waya ni kazi ya wajinga. Mimi leo nimeingia kwenye mipangilio ya sauti, nikaikuta orodha nzima: mlio wa kosa, mlio wa onyo, mlio wa kuwaka. Juu yake pana pa kuchagua bila mlio. Nikachagua. Taarabu inaimba, makosa yamenyamaza! Mwalimu Fanueli alikuja kunisikiliza, akaondoka kama mtu aliyefika harusini pilau limekwisha. Nina akili mpaka najiogopa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwandikia Bi Zuleha barua ya siri, nimpe mkononi kesho asubuhi. Nusu ya kwanza sifa zangu. Nusu ya pili Samiha: mvivu, mdomo haufungi, anakula mihogo juu ya kibodi. Mwisho nikamshauri Bi Zuleha mwenyewe, maana meneja lazima awe mkweli. Nikamwandikia kuwa ubahili wake unaliaibisha duka. Kila akienda kuswali anatoa karatasi zote kwenye printa, anaondoka nazo mkobani, utadhani sisi tunazitafuna.

Alipokwenda kuswali alasiri, na Samiha yuko nje ananunua hiyo mihogo yake, nikabonyeza ichapwe. Kimya. Nikabonyeza tena. Kijidirisha fulani kilichungulia chini ya skrini, sikujisumbua kukisoma. Nimebonyeza mara kumi na saba. Printa mbovu kama mwenye nayo. Nikaizima, nikaifuta barua, nitaiandika kesho kwa mkono.

Ijumaa, 10 Oktoba
Sitaki kuandika. Naandika.

Bi Zuleha alifika na karatasi zake, akazijaza. Samiha akawasha printa. Ikatoa barua yangu, kumbe ilikuwa foleni ikingoja karatasi. Ikatoa nyingine. Nikaruka nikachomoa waya, kumbe wa spika. Taarabu ikazima, printa ikaendelea. Zote kumi na saba zikatoka, na Samiha akaligawia benchi. Mwalimu Fanueli akaisoma yake kwa sauti, kila neno likasikika vizuri kwa kuwa taarabu haipo. Kisha akatoa peni nyekundu.

Bi Zuleha hakugomba. Alisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mkobani pamoja na karatasi. Akasema Samiha ajiandae kwenda Pangani. Afadhali angenitukana. 

Jioni baba mkwe akapiga, anauliza wachinje kuku siku gani. Nikamjibu mtandao unasumbua, nikakata.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimetafakari sana. Kosa ni la printa. Ilitakiwa kunionya, ikanyamaza.

Kompyuta nimekatazwa kuigusa. Nimewekwa kwenye mashine ya fotokopi. Nayo inalia pii kila ukibonyeza, na ukikosea inalia pii tatu ndefu. Leo imenililia hizo ndefu mara tisa, na Mwalimu Fanueli ameshalisogeza benchi upande huu.

Nimeazima bisibisi kwa Badru, fundi redio wa jirani. Jumatatu tuone Mwalimu atahesabu nini.